Namba Niliyomwambia Baba

Kila asubuhi lori la kwenda Fizi husimama karibu na ukuta wa nyumba yangu hapa Baraka, na kabla ya kuondoka hupiga honi mara tatu. Siku hizi ni mazoea tu. Dereva hupiga huku magurudumu yamekwisha kuanza kuzunguka. Lakini mimi, mtu wa umri wa kuketi na kutulia, huinuka nisikiapo honi ya pili na kutazama huku na huku, kana kwamba kuna mzigo nilioacha mahali. Mke wangu amechoka kuniuliza natafuta nini. Wewe unayesoma nitakuambia.

Katika utoto wangu honi zile tatu zilikuwa agano. Lori likisimama Swima au Makobola, abiria walishuka kwa shughuli zao: huyu ananunua samaki, yule anaswali, mwingine anakwenda kumsalimu shemeji yake. Kila mmoja aliacha mzigo pale alipokuwa ameketi, na mzigo ule ulimwakilisha. Dereva alipiga honi, akatazama nyuma, na palipokuwa na mzigo usio na mtu, lori lilingoja, hata nusu saa. Hayo sikusimuliwa. Nimepanda malori hayo.

Nilikuwa na miaka kumi, darasa la nne, baba aliponichukua kwenda Bujumbura, mji ambao wazee wetu walikuwa bado wakiuita Usumbura. Baba alikuwa fundi wa kuunda mitumbwi, na hakupata kukaa darasani hata siku moja. Macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Mwenyewe alisema, "Yananiwasha tu kidogo." Muuguzi wa zahanati yetu alimwandikia barua kwa daktari wa macho aliyekuwa akipita katika hospitali moja ya mji ule, wenye barua wangepokelewa siku moja tu, mpaka saa sita mchana, na kesho yake daktari angeondoka. Mama aliifunga barua katika kitambaa chake cha maua ya buluu, pamoja na mikeke, samaki wa ziwa letu, wa kukaanga, tuliompelekea shangazi yangu wa mtaa wa Buyenzi mjini humo.

Barua sikuijali. Nilikuwa nimeambiwa kwamba huko viboko hutoka majini mpaka ufukweni, na wageni kutoka nchi za mbali huja na kamera kuwapiga picha. Usiku ule kwa shangazi nilijigeuza kitandani hata akatishia kunifunga kamba.

Shangazi alikula mkeke mmoja tu asubuhi ile na kuturudishia waliosalia, akisema hospitalini watu hushinda na njaa. Tukaenda sokoni kungoja basi. Kijana muuza sigara, ambaye sikumwuliza kitu, alinitazama miguu isiyotulia akasema, "Munaenda hospitali? Mupande saba. Saba ndiyo inapitaka ku mayi." Mayi kwao ni maji, yaani ziwani, kwenye viboko. Basi lilipofika watu walisukumana, nasi tukaingizwa kwa mlango wa nyuma kama magunia. Mbele ya basi lile sikupaona.

Baba aliweka fundo lile la kitambaa magotini, akawasalimu abiria wote kwa jumla, kama ilivyo desturi katika lori. Mama mmoja tu aliitikia. Hapo baba akamgeukia mkata tiketi, mtu mwenye sauti ya kukwaruza kama msumeno katika mti mbichi, akamwuliza habari za watoto.

"Muzee, batoto ni bazima, sogea nyuma!" alijibu yule mtu, na basi zima likacheka. Baba pia alicheka. Alidhani wamekwisha kuwa marafiki.

Tulipita barabara zenye miti, hoteli nyeupe, na wageni wenye kofia pana. Mimi niliketi, nikasimama, nikaketi. Basi liliposimama ufukweni, wageni wawili wakashuka na kamera zao, nami nikamvuta baba mkono wa shati.

"Baba, viboko!"

"Tushuke kidogo," alisema. "Itatungojea." Akaliweka fundo juu ya kiti, akalipigapiga kwa kiganja kama mtu amwambiaye mtoto akae hapo, tukashuka.

Hatukufika hatua ishirini. Hakuna honi iliyolia, hata moja.

Baba alisimama ameelekeza uso kule mngurumo ulikokwenda. "Imeenda?" aliniuliza. Basi lilikuwa bado mbele yetu, kubwa kama nyumba, likipanda barabara. Swali lile lingenifundisha jambo, lau ningekuwa mtoto wa kufikiri.

"Imeenda, baba."

"Na barua?"

"Iko ndani."

Mama muuza karanga, aliyeketi kivulini pale kituoni, alituhurumia kwa namna yake. "Mzigo ya kupotea ku basi hairudiake, muzee. Banaiuzaka palepale." Mteja wake akampinga: basi lile linazunguka tu, litarudi, tujue namba yake.

Baba akanigeukia. "Ni namba ngapi?"

Sikujua. Lakini njia nzima kutoka Baraka baba alikuwa amewaambia watu kwamba mimi nasoma, na sasa mama wa karanga na mteja wake walikuwa wakinitazama.

"Saba," nilisema.

"Ulisoma?"

"Nilisoma, baba."

Viboko walikuwepo, wawili, mbali kidogo, kama mawe yanayopumua. Sikupata hamu ya kuwatazama. Nilisimama ukingoni mwa barabara, mguu huu, mguu ule, nikiuliza saa kwa kila mpita njia mwenye saa. Saa nne na nusu. Saa tano kasoro.

Basi likaja. Juu ya kioo chake palikuwa na namba nne, na sikutazama kitu kingine. Mlango ukafunguka. "Hospitali! Hospitali! Panda, panda!" ikasema sauti ya kukwaruza, na mwenyewe alikuwa amezibwa na abiria waliokuwa wakishuka. Baba akainua kichwa ghafla kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Mguu wake mmoja ulikwisha kupanda kidato.

"Ni ngapi?" aliniuliza.

"Nne, baba."

Akaushusha mguu. "Haiko yetu."

"Muzee, gari ni gari, panda tu!" alisema mama wa karanga.

"Mutoto yangu amesoma. Yetu ni saba."

"Haya, porofesere," mama akaniambia, "tungojee saba yako."

Tuliingoja. Saa tano ikapita. Mfagiaji wa barabara alipofika kupumzika, alisikia kisa chetu, akaegemea ufagio wake. "Saba? Tangu nianze kufagia hapa, saba haijapita. Hapa ni nne tu." Mimi niliitazama barabara, nisimtazame baba.

Namba nne iliporudi, mkata tiketi alimwona baba akapiga kelele kwa furaha. "Muzee wa salamu! Mzigo yako inanuka mikeke basi muzima, kidogo batu baikule!" Alikuwa amelificha fundo chini ya kiti chake tangu mwanzo. Barua ilikuwamo. Samaki walikuwamo. Saa sita ilikuwa imekwisha kupita.

Mlinzi wa hospitali hakuwa mtu mbaya. "Daktari amemaliza, muzee. Kesho asubuhi anapanda ndege." Baba alimshukuru, akampa mkeke. Tulipovuka barabara alinishika mkono kwa nguvu, nami nilidhani ananiongoza.

Tulirudi mwaka uliofuata, kwa daktari mwingine. Jicho la kulia halikuwa la kutibika tena. La kushoto lilimsaidia kutofautisha mchana na usiku. Watu wa mtaa wetu husema kwamba asubuhi ile ndiyo iliyomnyima macho. Sijui. Daktari wa pili alisema tumechelewa. Hakusema kwa siku ngapi.

Nilikuwa tayari mwalimu nilipopata ujasiri wa kumwambia. Baba alikuwa ameketi akipapasa ubao wa mtumbwi, kwa maana alifanya kazi kwa vidole mpaka mwisho.

"Baba, ile namba sikuisoma. Niliambiwa na muuza sigara."

Vidole havikusimama. "Ile sauti ya kukwaruza niliijua," alisema. "Niliijua palepale. Mguu yangu ilikuwa juu."

"Sasa kwa nini ulishuka?"

"We ulikuwa umesoma. Mi nilikuwa nasikia tu."

Wanafunzi wangu wa zamani, wengine sasa ni wazee, bado hunung'unika kwamba sikukubali jibu lolote kabla ya kuuliza, "Umeona mwenyewe?" Walidhani ni ukali. Baba alisikia kwa masikio yake mwenyewe, akayanyamazisha kwa heshima ya shule. Nami niliyepelekwa shule nilikuwa nimebeba neno la muuza sigara, nikaliita kusoma. Hakunichukua Bujumbura nikaone viboko. Alinichukua nimwonee njia.

Honi ya tatu ya lori ikilia, mimi huketi tena.