Mkono Ambao Amuri Hakuutoa

Watu wa Kindu wakikuambia kwamba Amuri Assani alikuwa na kiburi, waulize kwanza kama waliwahi hata kumwona ameketi. Mimi nilicheza naye miaka sita na sikumbuki. Alikula amesimama, sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, mkononi, akitembea kutoka mlangoni mpaka jikoni na kurudi. Mke wake, Faida, alikuwa akiwaambia wageni, "Bwana yangu hana makalio, Mungu alisahau kumuwekea." Amuri alicheka, na hata kucheka alicheka akiwa njiani kwenda mahali.

Aliishi Alunguli, ng'ambo ya mto, na kila alfajiri alivuka kwa mtumbwi kuja kazini kwenye reli. Kazi yake ilikuwa kufunga mabehewa. Mtu anasimama katikati, injini inasukuma behewa kuja nyuma, na vyuma vinapogongana yeye anatupia mnyororo kwenye ndoano na kuchomoka kabla hajabanwa. Wenzake wawili walikuwa wamekatika vidole. Yeye alikuwa na vyote kumi, na jioni alivileta uwanjani kwetu nyuma ya misheni, akacheza peku upande wa kushoto mpaka mpira usionekane.

Mimi ni Onema. Nilikuwa karani bandarini na kapteni wa timu, mlinzi wa katikati. Kwa mapadri nilisoma miaka minane, kwa hiyo katika timu nzima ni mimi peke yangu niliyeweza kuongea na mzungu Kifaransa cha kueleweka. Wenzangu waliniita Kapita, kama msimamizi wa kazi. Nilipenda kuitwa hivyo kuliko nilivyokubali, na naandika haya nikiwa na hasira, si na Amuri.

Mwaka wa hamsini na saba habari zilitufikia kwamba timu ya Kongo Belge, Kongo ya Wabelgiji, itakwenda kucheza Ubelgiji. Tulikuwa tukisikia tu kwamba Koloni ina timu yake. Wachezaji walikuwa watu wa miji mikubwa, wa Léopoldville na Elisabethville, watu wenye viatu vya njumu na picha kwenye gazeti. Mtu wa kwetu Maniema aliyewahi kuitwa sisi hatukumjua. Safari hii mchaguzi mmoja mzungu alikuwa akizunguka majimbo. Angefika Kindu kwa treni ya Kongolo, na kwa kuwa meli ya kwenda Ponthierville iliondoka Jumatatu, Jumapili angetutazama tukicheza na timu ya machimbo ya Kalima. Barua ilipita mezani kwangu kabla ya kufika kwa mkubwa. Ilisema Kindu itatoa mtu mmoja.

Nilimwambia Amuri siku hiyo hiyo, kati ya mabehewa, yeye akipangusa grisi mikononi.

"Mumoja tu?" akauliza.

"Mumoja."

"Basi njo weye ao miye, Kapita. Wale wengine ni wa kujaza uwanja." Akacheka, kisha uso ukabadilika. "Onema, minakuambia kweli. Nikikosa hii, nitakufa hapa kati ya hii machuma. Minasikia ndani ya mwili. Nataka kutoka."

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, yeye ishirini na nne, na kila mtu aliyekuwa na macho alijua nani kati yetu alistahili. Walinzi wa katikati kama mimi walikuwa tele kwenye Koloni. Mtu wa kushoto kama Amuri sijamwona tena. Wiki ile nililala vibaya, nikiamka kwenda kutazama viatu vyangu kama vingali chini ya kitanda.

Jumapili asubuhi tulikwenda kwa mzee Matata kuoshwa. Msinicheke. Timu ya Kalima nayo ilikuwa na mtu wake, na timu isiyo na dawa ilikuwa inaingia uwanjani uchi. Matata alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni siku sita, ya saba akawa mganga wetu. Alipokea jogoo wake wa malipo, akatuosha miguu na mikono kwa maji ya majani yake, akatoa mwiko wake uleule wa kila mechi: tangu sasa mpaka mpira uishe, hakuna kumpa mtu mkono. Awe baba, awe mke, awe nani. Mkono mmoja ukitolewa, nguvu za watu kumi na mmoja zinatoka nao. Tuliapa mmoja mmoja. Mimi, Mkatoliki wa komunyo ya kila Jumapili, niliapa wa kwanza.

Mji ulijaa uwanjani. Wake za wafanyakazi wa reli, Waislamu wa Alunguli na kanzu zao, mapadri wawili, na wazungu kwenye viti chini ya turubai. Tulipanga mstari mbele yao kama kawaida, tukisubiri kutazamwa kwa mbali. Lakini yule mchaguzi aliinuka. Alikuwa mtu mfupi mwenye jasho jingi, na hakuwa mbaya, hilo lazima niseme. Alitoka kwenye kivuli akaja kwetu na kunyoosha mkono.

Nataka mnielewe. Katika maisha yangu yote mzungu hakuwahi kunipa mkono, hata padri aliyenibatiza. Kiapo cha Matata kilikuwa bado kinanuka majani kwenye viganja vyangu, na nilikuwa wa kwanza kwenye mstari. Nikautoa. Niliutoa upesi sana, nikainamisha na kichwa. Baada ya hapo wengine wangefanya nini? Kapita ametoa, nao wakatoa, mmoja baada ya mwingine, macho chini.

Amuri alikuwa wa mwisho. Mchaguzi alipofika kwake, Amuri aliweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

Mzungu alidhani Amuri hakuuona. Akausogeza mkono karibu zaidi. Amuri akatikisa kichwa, kwa adabu kabisa, jasho likimtoka, akasema kwa Kiswahili, "Unisamehe, Bwana. Kisha mpira," yaani mpira ukiisha. Mchaguzi hakujua neno moja la Kiswahili. Chini ya turubai ofisa mmoja alisimama, shingo nyekundu. Mwaka ule wazungu walikuwa wameanza kutazama kila mtu mweusi asiyeinama kana kwamba ana kitu amekificha.

Mchaguzi akageuka, akanitafuta mimi, maana tulikuwa tumeshasalimiana kwa Kifaransa asubuhi. Akauliza, "Huyu ana nini?" Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Ningeweza kumwambia. Maneno yalikuwa mdomoni, yamepangika. Mzungu yule angecheka, angempiga Amuri begani, tungecheza. Amuri alikuwa ananitazama akisubiri niongee, uso wake ukiwa umetulia kuliko nilivyowahi kuuona. Aliniamini, ndiyo sababu. Na mimi nilikuwa nafikiria ile barua, na neno "mmoja" lililoandikwa kwa mashine.

"Sijui, Bwana," nikasema.

Amuri alicheza siku ile kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Alifunga mawili na kutengeneza la tatu. Sisi tatu, Kalima moja. Baadaye aliniambia kwamba alipoona sisi sote tumetoa mikono alifikiri nguvu za timu zimebaki kwake peke yake, kwa hiyo ilimbidi akimbie kwa ajili ya watu kumi na mmoja. Watoto walivamia uwanja wakiimba jina lake. Mchaguzi alipiga makofi, kisha akamsikiliza yule ofisa akimnong'oneza kitu, kisha akafungua daftari. Nilikuwa karibu. Aliandika jina langu.

Jambo hilo watu waliligeuza wenyewe. Kesho yake sokoni ilikuwa: Amuri ana kiburi, Amuri amemtukana mzungu aliyekuja kwa wema, Amuri ametuharibia. Kwenye reli walimwondoa Kindu miezi miwili, wakampeleka kukata majani kandokando ya njia upande wa Kibombo. Sikuwaambia watu ukweli. Matata alinitazama mara moja tu, nilipopita nyumba ya wageni na sanduku langu, akaendelea kuchambua mchele.

Safari ilikuwa meli mpaka Ponthierville, treni mpaka Stanleyville, meli tena kushuka mto mkubwa siku nyingi mpaka Léopoldville. Njia nzima sikuweza kukaa mahali pamoja. Nilizunguka sitaha mpaka mabaharia wakaniuliza kama naumwa tumbo. Kule tulikuwa wengi, na siku ya pili nilijua. Wale vijana wa mji walinipita kama nguzo ya simu. Mara mbili kocha alipaza sauti akiuliza kama Maniema hakuna mtu wa pembeni kushoto, maana upande huo ulikuwa mtupu. Siku ya nne majina yalisomwa na langu halikusomwa. Walinipa fulana na tikiti ya kurudi. Timu ikaenda Ubelgiji bila mtu wa Kindu.

Meli ilipofunga bandarini kwetu nilitamani isifunge. Amuri alikuwa gatini. Alikuwa amerudi kutoka Kibombo wiki ile, amekonda, na hakusubiri nishuke. Alipanda mwenyewe, akachukua sanduku langu kichwani.

"Ulicheza?"

"Hapana. Walinirudisha."

Alilisawazisha sanduku kichwani. Kisha akaanza kuuliza, haraka haraka, tukitembea: majani ya uwanja wa kule iko namna gani, viatu wanavaa vya nani, kocha anasema nini, wa kushoto ni nani. Nilimjibu yote isipokuwa hilo la mwisho. Nilisema sikumbuki.

Karibu na kivukoni akasimama. Amuri, amesimama tuli. "Kapita, siku ile muzungu alikuuliza, nilikuona. Uliogopa. Watu wanasema mengi, lakini miye nawaambia, Onema aliogopa, muache. Woga njo ya kila muntu. Miye sina kisirani na weye."

Nilitaka kumwambia. Haki ya Mungu nilitaka. Woga ungekuwa kitu kizuri, ningeushukuru. "Ndiyo, ndugu yangu," nikasema. "Niliogopa."

"Iko sawa. Sasa unifundishe." Alikuwa ameshaanza tena kuhamahama, mguu huu, mguu ule. "Wanasema muzungu anaweza kurudi mwaka kesho. Ile maneno ya Kifaransa ya kumwambia, ni gani? Nikiijua mwenyewe sitakusumbua tena."

Hakuna aliyerudi, na baada ya miaka mitatu Koloni yenye timu ile haikuwapo tena. Lakini siku ile sisi hatukujua.

"C'est notre coutume, Monsieur," nikasema. "Ni desturi yetu, Bwana."

"Njo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

Akarudia. Alikosea mara mbili, nikamsahihisha, akarudia tena na tena, sanduku langu kichwani, akiteremka kwenda kwenye mtumbwi. Kabla hatujafika majini alikuwa anaisema vizuri kuliko mimi.