Bibi wa Baiskeli na Paka wa Kinyozi

Kinyozi wa pale kwenye kituo cha malori walimwita Mawimbi, na hakuna aliyekumbuka tena jina alilopewa na mama yake. Lilitokana na redio. Ilikaa kwenye rafu juu ya kioo, kati ya kopo la poda na chupa ya spiriti, imefungwa mpira kiunoni ili betri zisidondoke, na antena yake ilikuwa imeongezewa waya uliopanda hadi kwenye bati. Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango vizuri, Mawimbi alikuwa ameshatega sikio kwenye taarifa ya habari za dunia. Wakubwa wa mataifa waliokutana na kutofautiana aliwaacha wapite zao. Alichokingojea ni kile kipande cha mwisho, pale msomaji anapolegeza sauti na kusimulia kwamba mahali fulani kondoo wameingia uwanja wa ndege na kulala kwenye njia ya kurukia, au kwamba ndugu wawili waliopotezana utotoni wamekutana kwenye foleni ya kung'oa meno.

Kipande hicho ndicho kilichomfikisha jioni. Mteja akishaketi, shuka likafungwa shingoni na mashine ikaanza kunguruma, habari nayo inaanza. Na Mawimbi alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja hata kwa baba mkwe wake: habari inaisha na kichwa. Si kabla, si baada. Balaa lilikuwa hapo, maana nywele na habari hazikuwahi kukubaliana urefu. Wenye vipara walisimuliwa mbio mbio, wakimaliziwa kwa kupapaswa brashi mahali pasipo na kitu. Na wapo vijana walioomba kupunguziwa kidogo tu pembeni wakatoka na upara unaong'aa, kwa sababu uchaguzi wa nchi fulani ya mbali ulikwenda duru ya pili. Cha ajabu walirudi. Walirudi hata nywele hazijaota, wakabanana kwenye benchi kusikiliza za wenzao.

Habari ya bibi wa baiskeli iliingia asubuhi isiyo na lolote. Msomaji alisema yupo bibi mmoja, mjane aliyestaafu kazi ya kusambaza barua, anayeizunguka dunia kwa baiskeli yenye kikapu kwa mbele. Basi. Akaaga. Mteja wa kwanza siku hiyo alikuwa dereva wa lori la masafa marefu ambaye kwa jinsi kichwa kilivyokuwa, hakuwa ameonana na kinyozi tangu msimu mwingine. Mawimbi alimpandisha bibi mlima, akamshusha, akamvusha mto, akampa mvua na upepo wa uso, akamstaafisha kazi mara ya pili. Kutazama, kichwa kiko nusu. Dereva ameng'ang'ania mikono ya kiti, anangoja. Mawimbi akautazama msitu uliobaki, na ulimi ukamtangulia.

"Sasa kwenye kile kikapu," alisema, "kuna paka."

Paka huyo alimfikisha hadi kisogoni. Alikuwa wa manjano, sikio moja limekatika kwa ugomvi wa ujanani, na alikuwa analala mchana kutwa, anaamka tu wakifika mpakani ili naye apigwe picha. Dereva alicheka mpaka akaombwa atulie asije akapoteza sikio kama paka. Kisha akapanda lori lake na kuondoka na paka kuelekea kaskazini, akimsimulia kila aliposimama kula.

Jioni binti yake Mawimbi alimweka baba yake kitako. Binti huyo alifanya kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni iliyotazamana na kibanda cha kinyozi, aliziongea lugha za wageni bila kujikuna kichwa, na redio aliisikiliza pia.

"Baba, huyo paka mimi sikumsikia."

"Redio yenu haishiki vizuri."

"Baba."

"Mwanangu, jamaa alikuwa na nywele nyingi. Ulitaka nimwachie nusu?"

Miezi ikapita. Kila mara redio ilipomtaja bibi, kwamba amevuka jangwa, kwamba amelala kwenye kituo cha zimamoto, Mawimbi aliruka jukwaani kwake na kumpanga paka katika mambo yote. Watu walimpenda bibi, lakini ukweli usemwe, paka walimpenda zaidi. Kina mama wanaotoka sokoni walisimama mlangoni na mizigo yao kuuliza paka ameamkaje. Hapo hata angetaka kumtoa kikapuni angemtoaje? Wangemla nyama yeye mwenyewe.

Ndipo asubuhi moja redio ikasema bibi amevuka mpaka wa nchi yetu, anashuka kusini kwa barabara kuu. Barabara kuu ni ile ile inayopita mbele ya kinyozi. Mawimbi alitoka nje na shuka la kunyolea mkononi, akacheza peke yake mbele ya malori, na madereva wakampigia honi bila kujua wanashangilia nini.

Hakufurahi kila mtu. Jirani yake alikuwa mwenye bucha, pande la mtu ambaye wote walimwita Bucha, na Bucha hakuamini kitu kisichoweza kuwekwa kwenye mizani.

"Mimi nikikwambia hii kilo, unaiona," alisema akiegemea mlango na aproni yake ya damu. "Wewe kilo zako ziko wapi? Tunasikia tu."

"Zinakuja kwa baiskeli."

"Haya. Jumamosi jua likizama kama huyo bibi hajaonekana hapa, unanyoa kimya. Mwaka mzima. Mashine tu."

"Na akionekana?"

"Nasimama mbele ya watu natangaza kwamba wewe ni mkweli."

"Sawa."

"Pamoja na paka," Bucha akaongeza. "Bibi na paka wake. Wote."

Benchi zima lilimgeukia Mawimbi. Mtu mwenye akili timamu angekohoa, akarekebisha kidogo. Mawimbi yeye alisema, "Sikio moja limekatika, usije ukadai hukuambiwa."

Usiku hakupata lepe la usingizi. Mkewe, ambaye tangu aolewe amelala na redio katikati ya kitanda, aliposikia kuna uwezekano wa mwaka wa kimya alijifunika shuka na kusinzia akitabasamu. Kesho yake Mawimbi alijaribu kunyoa mteja mmoja bila kufungua kinywa, aone itakuwaje. Mashine ilinguruma, nywele zikaanguka, na mteja mwishowe akauliza kwa sauti ya chini nani amefariki. Mawimbi aliogopa kwelikweli. Alijijua. Mkono wake ulikuwa wa kawaida tu, na mtaa wa pili palikuwa na kinyozi hodari kuliko yeye, mwenye feni mbili na viti vya ngozi. Waliopita pale na kuja kwake walikuwa wanaifuata dunia. Ukiiondoa, anabaki mtu na mashine yake. Alimwomba Mungu bibi aje, halafu akakumbuka kikapu kitupu, akaomba asije.

Jumamosi watu walikusanyika njia panda na filimbi na mabango. Bango moja lilikuwa na picha ya paka. Mawimbi alitaka kwenda, miguu ilishaanza kutoka mlangoni, lakini Bucha aliingia akajitupa kwenye kiti mpaka kikalia.

"Ninyoe," alisema. "Nataka niwe kichwa cha mwisho kabla ya kimya."

Ukishafunga shuka huachi kichwa, hilo nalo lilikuwa ndani ya sharti. Mawimbi alinyoa upande wa kulia huku akisimulia habari ya kondoo, akiipindisha, akiirefusha, sikio moja likiwa njia panda. Filimbi zilikuwa zikilia hovyo, kisha zikachoka. Jua liliteremka likaingia mlangoni na kugusa miguu ya kiti. Bucha alinyoosha kidole kuliashiria, akafurahi peke yake.

"Baba."

Binti yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, ule wa kutupia nywele. "Kuna mgeni anataka kupunguza nywele. Alipoona umati wenye filimbi alidhani ni maandamano, akapita uchochoroni."

Nyuma yake alisimama bibi mfupi, pua imebabuka kwa jua, mashavu ya miguu magumu kama ya mbeba mizigo. Baiskeli aliiingiza hadi ndani, hakutaka kuiacha. Kikapu cha mbele kilikuwa kimefunikwa kanga iliyofifia. Mawimbi aliikazia macho ile kanga na kujisemea moyoni kwamba heri iwe ni mikate.

Kanga ikasogea. Paka mdogo wa manjano akatoa kichwa, akapiga mwayo, akawatazama wote mmoja mmoja.

Mawimbi alishika ukuta. Bucha, nusu ya kichwa kipara na nusu nywele, alimkazia paka macho kupitia kioo.

"Sikio mbona zima?" aliuliza.

"Limepona," Mawimbi alijibu. Lilimtoka lenyewe.

Bibi akaanza kusema, na alisema kwa kirefu, akionyesha kikapu, akionyesha barabara, akiinua mikono. Binti alisikiliza akiwa amejiuma mdomo.

"Anasema tangu avuke mpaka watu wanamsimamisha njiani," alisema. "Hawamuulizi anatoka wapi. Wanamuuliza paka yuko wapi. Akisema hana paka, wanadhani paka amekufa na yeye hawezi kumtaja, basi wanampa pole. Mji mmoja walimpikia, wakakaa naye kimya mpaka akaogopa. Juzi wamemletea huyu. Wamemtafuta wa manjano makusudi. Wakamwambia hatakuwa kama yule marehemu lakini ajitahidi kumzoea."

Bucha alianza kutetemeka kwa kicheko chini ya shuka.

"Sasa anauliza," binti aliendelea, na hapo akamtazama baba yake usoni. "Huyo paka wa kwanza alitoka wapi?"

Hakuna mwingine mle ndani aliyeijua lugha ya mgeni. Mawimbi aliona macho ya mwanawe yakimwambia kwamba yuko tayari kutafsiri lolote atakalolisema, hata uongo, mara hii tu. Na uongo ulishakuja wenyewe kinywani, mzuri, na una miguu. Lakini bibi alikuwa amemshika paka kifuani kwa mikono miwili, anangoja jibu kama wateja wake wanavyongoja, na Mawimbi akaona haya.

"Mwambie alitoka hapa," alisema. "Kwenye hiki kiti. Habari ilikuwa fupi na dereva alikuwa na nywele nyingi."

Binti alieleza. Ilimchukua muda, maana ilibidi aeleze na sharti. Bibi alimtazama Mawimbi, akaitazama redio na mpira wake, akamtazama Bucha na kichwa chake cha nusu, kisha akacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye benchi na kujifuta macho kwa kanga ya paka. Alipotulia alisema maneno machache, taratibu.

"Anasema mumewe alipokuwa hai, yeye ndiye aliyemhadithia kila jioni njia aliyopita na barua zake," binti alitafsiri, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Tangu amefariki hajapata wa kumwambia leo kafika wapi. Juzi usiku alimwambia paka. Anasema asante sana."

Wakati huo filimbi zilikuwa zimeshafika mlangoni. Watu walisukumana, mwenye bango akiwa mbele, wakaona baiskeli, wakaona bibi, wakaona paka, na kibanda kikataka kung'oka. Mawimbi alimgeukia Bucha akingoja hukumu. Alikuwa amekiri kwa kinywa chake, mbele ya jirani asiyesahau deni.

Bucha akainuka. Alikwenda mlangoni na shuka lake shingoni, mabega yote yamejaa nywele, akanyoosha mkono watu wakanyamaza.

"Bibi yupo," alitangaza. "Paka yupo. Mtu huyu ni mkweli."

Kisha akarudi kitini, akamsogelea kinyozi sikioni. "Kilo zimetimia," alinong'ona. "Zimechelewa kidogo tu."

Mawimbi akamfunga upya shuka shingoni. Kwa mara ya kwanza tangu anunue redio alikuwa na furaha nyingi na maneno hana hata moja. Binti yake akamgusa bega.

"Baba, anauliza swali la mwisho. Anasema kwa kuwa wewe ndiye unayezijua habari zao, je, huko mbele, yeye na paka wanafika?"

Waliokuwa nje walipanda matairi ya lori ili wasikie. Mawimbi alimtazama bibi, akamtazama paka ambaye alikuwa ameshalala, akapangusa mashine kwa brashi bila haraka.

"Mwambie akae vizuri," alisema. "Kichwa bado."

Akawasha mashine, akaanza upande wa kushoto wa Bucha, ambako nywele zilikuwa bado nyingi.