Usiingie Msibani na Ufagio

Nakumbuka siku moja, mwanangu, moto ulipotelemka mlimani huko Guangzhou ukala nyumba ya Bibi Chen, mama mwenye nyumba wangu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, majira ya ukavu, wakati Wachina wanapozuru makaburi na kuwachomea wafu wao karatasi. Upepo ukachukua cheche, nyasi zikashika, na nyumba za chini ya mlima zikateketea. Watu walisalimika, alhamdulillahi. Mimi nilikuwa Shisanhang, kwenye soko la jumla, nanunua nguo za kupeleka Zanzibar. Niliporudi, hata kitanda changu kilikuwa jivu.

Kesho yake asubuhi tukaenda kumsaidia, sisi Watanzania wachache tuliokuwepo. Lori la kuzoa vifusi lilikuwa lipite mara moja tu mtaani. Basi mimi, unanijua nilivyo na kiherehere, nikafunga kibwebwe nikapiga kelele kama napakia kontena: "Leteni matofali! Mabati kwanza! Haraka jamani, lori laja!"

Lakini Bibi Chen kakaa juu ya kifusi, pale palipokuwa chumba chake, hataki kiguswe. Nikimsogelea na koleo, ananisukuma. Nikasema, "Huyu bibi kachanganyikiwa. Lori likimwacha, atabaki na majivu yake."

Ndipo Mzee Salum, mkubwa wetu pale, akanigeukia. "Zuhura, kwenu mtu akifiwa, unaingia na ufagio?"

Weee! Nikanywea. Akakunjua maboksi ya mizigo yetu, akayatandika kama mkeka wa matanga, akakaa. Tukakaa sote, chai ikamiminwa. Lori likaja, dereva akapiga honi, akashuka kanuna. Mzee akamsogezea boksi, akampa kikombe. Naye huyo akakaa! Uungwana hauhitaji mkalimani.

Bibi Chen alipoona hakuna anayemharakisha, akaanza kuchakura majivu kwa mikono. Dereva akamuuliza, kisha akamweleza Mzee kwa Kichina chepesi: anatafuta picha ya marehemu mumewe. Hana nyingine. Karatasi, mwanangu, kwenye moto ule! Kila mtu alijua. Hata hivyo tulichakura naye, dereva pia, mpaka tukafika sakafuni.

Akakung'uta mikono, akasema, "Meiyou." Hakuna. Neno hilo nilikuwa nalisikia kila siku madukani nikiulizia saizi ya nguo, nami nalipuuza. Siku ile lilinitoa machozi. Nikamkumbatia, hakunisukuma tena. Kisha akaliokota koleo langu, akazoa kifusi, akakitupa garini yeye mwenyewe. Ndipo tukaanza kazi, na lori halikuondoka mpaka tumemaliza.

Mwanangu, kifusi cha mtu si taka mpaka yeye aseme ni taka. Ukienda kwa aliyeunguliwa, nenda na nguvu zako, lakini kaa kwanza. Haraka haraka haina baraka, na haraka ya kusaidia ndiyo huumiza zaidi, maana mwenyewe unajiona mwema. Mwache atafute hata unachojua hakipo. Anaaga huyo.

Mola akuepushe na moto, mwanangu. Na ukikufika, akuletee watu wanaojua kukaa.