Dada Nota, Dobi Aliyejifundisha Kutunga

Alizaliwa mwaka 1934, mtoto wa nne wa seremala na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Alisoma miaka mitano tu. Baba yake alipofariki, mama alimtafutia kazi ya udobi katika hospitali ya misheni, na huko ndiko alikopiga pasi mashuka kwa miaka thelathini na minane.

Wito ulimjia mwaka 1961, siku ya kusafisha sakristia, chumba cha kanisa anamovalia padri. Kabatini alikuta kitabu cha mazoezi ya utunzi wa muziki, hakina jalada, kurasa za majibu zimechanwa. Alikipeleka kwa paroko. "Chukua, binti yangu," paroko alisema, "ila hapa hakuna wa kukufundisha." Akajibu, "Basi nitajifundisha mwenyewe, Padri."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla pasi hazijapata moto, aliketi na kitabu chake. Kitabu kilimpa sauti ya kwanza. Yeye aliitafutia ya pili, teno na besi. Kinanda hakuwa nacho. Aliwagawia madobi wenzake sauti, wakaimba huku wakikunja mashuka, naye akisikia mahali zinapogongana, akafuta, akaandika upya. Zoezi moja liliweza kummalizia wiki nzima, kwa maana alijiwekea sharti: asivuke kwenda linalofuata kabla hajaimba sauti zote nne, moja moja, bila kukosea. Wenzake wakamwita Dada Nota, mwanzoni kwa utani.

Mwaka 1966 alimpelekea mwalimu wa kwaya wimbo wake wa kwanza. Mwalimu aliusoma mbele ya wanakwaya wote, akacheka. "Teno na besi zinafuatana kama kondoo! Dada, rudi kwenye mashuka yako." Alilia njia nzima, hilo hatulifichi. Lakini alipoukagua wimbo aliona mwalimu amesema kweli: sauti hizo mbili zilipanda na kushuka pamoja, badala ya kila moja kushika njia yake. Akarudi kwenye zoezi la kwanza, akayaanza upya yote mia mbili na kumi na sita. Ilimchukua zaidi ya miaka minne.

Mwaka 1971 mwalimu yuleyule alipigwa na kiharusi, akalazwa, asiweze kutamka hata jina la mkewe. Dada Nota alikuwa akipeleka mashuka wodini. Alikumbuka kwamba mgonjwa alikuwa mwimbaji wa besi, akamtungia wimbo mfupi, besi yake ikiwa na maneno matatu: "Bwana, nipo, nisikie." Kila siku yeye na madobi wawili walisimama kando ya kitanda, wakaimba sauti tatu na kuiacha besi wazi. Siku ya kumi na moja mgonjwa aliiimba yote. Mkewe aliangusha kikombe. Madaktari wana maelezo yao, nasi hatugombani nao. Mke yule aliuita muujiza mpaka anaingia kaburini. Wiki chache baadaye mwalimu alimshika Dada Nota mkono, akamwambia polepole, "Teno yako... imetulia. Nisamehe."

Alifariki mwaka 1998 kwa nimonia. Aliacha nyimbo tisini na tatu ambazo kwaya zetu zinaziimba hadi leo, na madobi kumi na wanne wanaosoma nota. Mmoja wao ndiye anayeongoza kwaya ya kanisa kuu.

Ndugu waamini, tumwige. Tusingoje mwalimu ndipo tuanze, na tukikosolewa kwa haki, tuketi turudie bila kinyongo. Na wakituuliza parokia yetu imelitolea Kanisa nani, tujibu kwa sauti, vifua mbele: tumetoa dobi.