Fighi Iliponiona

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi niliwahi kuugua, na ugonjwa ule ulinifurahisha. Sijui namna nyingine ya kulisema jambo hili. Nilikuwa nimelala nyumbani kwa bibi kizee ambaye hakuwa ndugu yangu, mwili unawaka, meno yanagongana, na moyoni nilikuwa na raha kama mtu aliyeletewa barua aliyoingoja siku nyingi.

Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Alitoka Bungoma akiwa kijana, akapangiwa kazi Voi, akarudi kwao kuoa, kisha akamleta mama katika nyumba za reli. Mimi nilizaliwa palepale, kwenye joto na vumbi jekundu. Hata hivyo sikuruhusiwa kusema kwamba mimi ni wa Voi. Mtu akiniuliza kwetu ni wapi, baba alinijibia: sisi hapa ni watu wa kazi tu, kwetu ni Bungoma. Bungoma yenyewe nilikuwa nimeenda mara mbili. Binamu zangu waliniita msichana wa Mombasa, wakanicheka nilivyotamka Kibukusu, na hakuna mtu aliyenituma hata maji. Nilikalishwa kitini, nikapewa soda.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa Mama Wakesho, Mtaita wa milimani, na binti yake Wakesho ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Likizo ya Agosti mwaka ule mama yangu alikuwa mjamzito, na hospitali walimwambia alale kitandani mpaka ajifungue. Mama Wakesho akasema atatupeleka sote wawili kwa mama yake, juu ya Wundanyi, tukae huko mwezi mzima. Baba alikubali kwa sababu hakuwa na la kufanya.

Sisi watoto wa Voi hatukuijua baridi. Asubuhi ya kwanza nilitoka nje nikaona ukungu umeifunika migomba, nikadhani kuna kitu kinaungua. Nyanya wa Wakesho alinicheka kwa upole, akanifunga leso mbili. Alikuwa mwanamke mfupi aliyenyooka mgongo, na Jumapili alivaa kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa. Siku mbili za kwanza alinikalisha karibu na moto, akanipa chai, akaniuliza habari za mama. Siku ya tatu nilipitisha mguu juu ya mafiga ili nifikie sufuria iliyokuwa upande wa pili. Alinishika mkono.

"Hapa hatufanyi hivyo," alisema.

Nililiwaza neno lile siku nzima. Hatufanyi. Nilijiuliza kama nami nimo ndani yake, au kama alisema tu jinsi watu wa nyumba ile walivyo, na mimi ninatazama kutoka nje. Mtoto hufikiri mambo kama hayo, ingawa watu wazima hawaamini.

Baada ya hapo makatazo yaliongezeka. Kule njia ni nyembamba na zinapanda, hivyo mzee akija, mtoto husimama kwenye majani ampishe, na kama ana mzigo huutelemsha kwanza ndipo amsalimie. Hatukuruhusiwa kuchota maji kwenye mfereji kwa sufuria yenye masizi. Nilijifunza kuponda kimanga, chakula cha mihogo na maharage, mpaka vishikamane sawasawa, na nilipokiponda vibaya niliambiwa nirudie. Hakuna aliyenieleza sababu ya lolote. Nilirekebishwa tu, mara kumi kwa siku, na kila mara nikajiona nimesogea hatua moja karibu na moto.

Aliyenikumbusha kwamba nimetoka mbali alikuwa Mghoi, binamu yake Wakesho, aliyetuzidi miaka mitatu. Tulienda naye kutafuta kuni. Njia ya kuni hupita kando ya fighi, kisitu kidogo cha miti mikubwa kilichoachwa tangu enzi za mababu. Nyanya alikuwa ametuambia habari zake. Huingii fighi, hukati mti wake, huokoti hata kijiti kilichoanguka. Zamani, alisema, fighi ndiyo iliyolinda mpaka. Adui akipita hapo miguu ilimlegea, akazunguka mpaka akashikwa. Na mtu wa nyumbani aliyeichezea aliugua. Wazee wachache tu waliingia, kwa siku zao na kwa maneno yao.

Tulipofika hapo Wakesho alishusha sauti, nami nikashusha yangu. Mghoi akaniangalia akatabasamu.

"Wewe huna haja ya kunong'ona," alisema. "Wewe ni mtu wa bara. Fighi haikuoni."

Hakusema kwa ubaya mkubwa. Nadhani hata aliliona ni jambo la kunituliza. Lakini mimi nilisikia mlango ukifungwa. Huko Bungoma nilikuwa wa Mombasa, hapa nilikuwa wa bara, na sasa hata miti ilikuwa na habari. Niliweka mzigo wangu chini, nikaruka jiwe, nikaingia. Ndani palikuwa na ubaridi na harufu ya majani yaliyooza. Niliokota tawi moja kavu, nene kama mkono wangu, nikatoka nalo nikalifunga katikati ya kuni zangu. Wakesho alikuwa analia. Mghoi alikuwa ameacha kutabasamu. Tulirudi, na jioni ile Nyanya alipikia kuni zangu, sote tukala.

Siku ya pili yake nilikuwa mzima. Nakumbuka huzuni niliyoamka nayo, nikijipapasa mikono na miguu. Ilikuwa kweli, basi. Haikuniona. Nilichota maji, nikafagia, nikala bila hamu.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, kichwa kilianza kuuma, kisha baridi ikanishika ambayo haikuwa ya mlima. Nililala, nikatetemeka, nikafurahi. Wakesho, aliyedhani ninakufa, alikimbilia kwa Nyanya akamweleza yote.

Nyanya alikuja akakaa kando ya kitanda. Nilidhani atanigombeza. Alimwita Mghoi kwanza, akamuuliza aliniambia nini pale njiani. Mghoi alirudia maneno yake akiangalia chini. Nyanya akasema na Mghoi, si nami.

"Huyu amekula kwangu wiki tatu. Mimi ndiye ninayemkataza na mimi ndiye ninayemtuma. Nani alikwambia haonekani?"

Kisha akanigeukia. Aliniambia nimekosa, tena nimekosa kama mtu wa hapa, na kwa hiyo nitaomba radhi kama mtu wa hapa. Alimtuma Mghoi kwa mzee mmoja wa fighi, naye mzee akaja, akauliza maswali machache, akaondoka na kipande cha tawi kilichobaki kukirudisha mwenyewe. Hakuwa mkali. Alionekana kama mtu aliyeitwa kurekebisha paa.

Sisi tuliobaki tulifanya kile wanachokiita kutasa, yaani kutema hasira iliyo moyoni. Nyanya alileta maji ya muwa katika kibuyu, akatia kidogo mdomoni, akayapuliza nje kwa mnyunyizo, akasema anaitoa hasira yake kwa Mghoi na kwangu. Mghoi akafanya vivyo hivyo. Ilipofika zamu yangu nilikuwa siwezi kukaa vizuri, Wakesho akanishika mgongo. Nyanya alisema maji hayatoshi, lazima niseme nilichokuwa nacho moyoni, la sivyo kitabaki humo. Nilisema nilikuwa na hasira kwa sababu sina kwetu. Nilisema kwa sauti ndogo, na maji ya muwa yakanimwagikia shingoni.

Nyanya alinifuta kwa leso, akanivika sweta, akanibeba mgongoni hadi zahanati, nami nilikuwa mkubwa wa kutosha kuburuza miguu. Daktari wa zahanati alinitoboa kidole, akasema ni malaria, tena bila shaka nimepanda nayo kutoka Voi. Alitupa dawa. Njiani nilimuuliza Nyanya kama basi haikuwa fighi. Aliniambia ninywe dawa nimalize, na nisiingie tena msitu ule. Kwake yale mawili hayakugombana, na mimi hadi leo sijaona haja ya kuyagombanisha.

Baba alikuja kunichukua baada ya wiki moja. Mama alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kiume. Nilimsimulia baba kila kitu kwa fahari, hasa jinsi fighi ilivyonikamata. Aliacha kunywa chai. Baba alikuwa muungwana, hakupaza sauti mbele ya mwenyeji wake, lakini alisema anashukuru kwa wema wote, ila mambo ya huku hayamhusu binti yake, yeye ni Mbukusu.

Nyanya alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Baba Nafula," alisema, akimwita kwa jina langu, "kama hayamhusu, ningemwacha afanye apendavyo. Mtoto wa watu simkatazi. Kwenu anakatazwa na nani?"

Baba alisimama akachukua mfuko wangu. Nilikuwa mdogo lakini nilijua kwamba amepigwa mahali panapouma, na nikamwonea huruma. Njia nzima kushuka Mwatate hadi Voi alitazama nje ya dirisha la gari. Nilidhani amenikasirikia.

Jioni moja, siku chache baadaye, aliniita nje, akaniuliza kama ninajua jina la mama yake aliyemzaa. Sikulijua. Akaniambia, kisha akaniambia jinsi mama huyo alivyowapiga marufuku yeye na ndugu zake kula jikoni wakiwa wamesimama. Kuanzia siku ile ikawa kawaida yake kunisimulia makatazo ya kwao, akitoka kazini na mikono bado ina harufu ya grisi. Desemba alitupeleka Bungoma, na safari hii, kabla ya kurudi Voi peke yake, alimwambia shangazi yangu asinipe kiti. Shangazi alitii barabara. Nilikemewa kwa namna nilivyoshika ufagio, kwa namna nilivyowapa wakubwa mkono, kwa kutaja jina la mtu ambaye sikupaswa kumtaja. Wiki ya kwanza nililia. Wiki ya tatu binamu zangu walikuwa wameacha kuniita msichana wa Mombasa, sijui siku gani hasa.

Nimefikiria sana mambo haya. Baba alidhani kabila liko kwenye damu, kwamba ukimwambia mtoto yeye ni nani, imetosha. Mghoi alidhani hivyohivyo kutoka upande wa pili. Nyanya, ambaye hakuwahi kupita darasa la nne, alijua mtu hufanywa. Hufanywa polepole, jikoni na njiani, na watu wanaojisumbua kumwambia acha, rudia, salimia kwanza. Mimi nilifanywa mara mbili, mlimani na Bungoma. Mtu akiniuliza kwetu ni wapi huwa nasita, lakini kusita kwangu hakuna uchungu tena. Ni kwa sababu jibu ni refu.

Sasa nina mume, kwao ni Taveta, na mtoto wa kiume wa miaka saba anayezungumza Kiingereza zaidi kuliko lugha nyingine yoyote. Likizo iliyopita tulimpeleka kwa wazazi wa mume wangu, karibu na Ziwa Chala. Siku ya nne mama mkwe alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya kuomba radhi. Alisema mtoto amepita mbele ya wazee bila kuwasalimia, naye amemkemea mbele ya watu, mtoto amelia, na pengine sisi watu wa mjini hatupendi watoto wetu waguswe hivyo. Alisema kama nimechukia, hatarudia.

Nilisikia mtoto akilia karibu na simu, akingoja mama yake amtetee. Moyo ulinivuta. Nilitaka kumwambia mama mkwe kwamba bado ni mdogo, kwamba hajazoea. Badala yake nilimwomba asiache. Nikamwomba pia, akimkemea tena, amkemee kwa Kitaveta.