Afande Topista Hununua kwa Jembe

Mimi ni mtu wa haraka, na sioni haya kusema. Miaka kumi na moja ya kuuza samaki Masese imenifundisha kwamba ukizubaa, jua linakula faida yako. Kwa hiyo nilipoonyeshwa kiwanja Nkoma, kule Mbale, chenye vyumba vinne vya kupangisha na nyumba ya mwenyewe yenye kishamba nyuma, nilitaka kulipa wiki ile ile. Akiba yangu yote ilitosha kwa shida. Nikaenda kwa Afande Topista ili anisifu.

Afande Topista ni askari magereza mstaafu, mwanamke mfupi wa sauti ya chini na Kiswahili cha kambini, ambaye hapa Jinja tunamwogopa na kumpenda kwa pamoja. Alianza na chumba kimoja cha mabati akiwa bado kazini. Leo ana vyumba kumi na tisa, Jinja na Mbale, na hajawahi kuitwa mahakamani kwa hata kimoja. Kwa mambo ya ardhi yalivyo! Akipita na ndala zake kukagua mifereji, mimi husimama kama namwona askofu.

Nikamwekea karatasi mezani: mapatano ya mauzo, muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, na ridhaa ya mke wa muuzaji, inayotakiwa na sheria. Ile ridhaa ilikuwa na alama ya dole gumba kwa sababu, alivyoniambia muuzaji mwenyewe, Gaster, mkewe hajui kusoma.

"Brigid, na mwenye shamba umeongea na yeye?" Afande akauliza.

"Mwenyewe si Gaster?"

"Gaster nauza. Mke ndiye nalima. Kesho tunaenda. Beba jembe."

Nikadhani ananitania. Kesho yake tukashuka Mbale, tukapanda boda, majembe mapajani, watu wakitucheka.

"Mimi nalinda wafungwa miaka ishirini na sita," akaniambia tulipofika. "Wengi ni mambo ya ardhi. Kotini mtu nanyamaza, hata mbele ya jaji. Lakini shambani, mkilima laini moja, yeye hapa, wewe hapa, mtu nasema yote. Na wewe hata hujauliza."

Gaster alikuwa kiwandani mpaka saa saba. Mkewe, Nafuna, tulimkuta nyuma ya nyumba akipalilia maharage. Afande akamsalimia, akasema tunamngoja mzee na hatujui kukaa bure. Akaingia mstarini. Nami nikaingia, nikinung'unika moyoni.

Hakuuliza chochote kuhusu kiwanja. Nilitaka kupasuka. Tulilima karibu saa nzima ndipo Nafuna alipoanza mwenyewe: mvua, wapangaji, goti linalomsumbua. Kisha akatupeleka ukutani kutuonyesha miche yake ya kahawa, hamsini hivi, kila mmoja na kipande cha boksi chenye tarehe.

"Mvua ikianza napanda upande ule," akasema. "Miaka mitatu tunavuna."

"Nani ameandika vizuri hivi?" Afande akauliza.

"Mimi. Nimefundisha nasari miaka tisa."

Lile dole gumba halikuwa lake. Anayejiandaa kuhama hapandi kahawa, na mwalimu hawekewi wino kidoleni. Bila wakili, bila kumtisha mtu, Afande alikuwa ameifikia siri ambayo karatasi zangu zote ziliificha. Nilimtazama akirudi kwenye maharage, anang'oa gugu kwa utulivu ule ule, nikahisi niko mbele ya kitu kikubwa kuliko mimi.

Nafuna akaenda kutuletea maji. Afande akaniambia taratibu, bila kuinua kichwa, "Karatasi yako iko na muhuri. Ukitaka kulipa, lipa. Mimi sikatazi."

Nikaangalia vile vyumba vinne. Kodi kila mwezi, na mimi kulala mpaka jua lichomoze, bila harufu ya samaki mikononi. Afande asingesema neno, nilijua. Gaster angefika, ningelipa, na mwanamke huyu angejua siku ya kuhamishwa vyombo. Wallahi nilitamani. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilitamani.

Nafuna akarudi na kikombe. Akanipa mimi kwanza.

"Mama," nikasema, "mzee anauza hapa. Pamoja na nyumba."

Akanigeukia. "Anamuuzia nani?"

Nikamgeukia Afande anijibie. Alikuwa ameinama, analima.

"Mimi."

Nafuna akautazama mstari wangu wa maharage, kisha mikono yangu yenye udongo wake. Nilingoja anifukuze, na ningeondoka bila kuteta.

"Maliza laini yako," akasema. "Imebaki saa nzima afike. Tutamngoja wote."