Damu Yangu Ipo Kwenye Friji, Mke wa Mwanangu Anaikataa

Admin, nifichie jina. Mimi ni mzee wa miaka 63, wa huku Mbozi. Shule niliishia darasa la nne, tena kwa kufukuzwa, kwa hiyo maandishi yakipinda vumilieni, nachapa kwa kidole kimoja.

Mke wa mwanangu mkubwa ana uvimbe kwenye kizazi. Anatoka damu mpaka viganja vimekuwa vyeupe kama sembe. Daktari anasema asipopasuliwa atakufa, na bila damu ya akiba hampasui. Kundi lake ni la nadra. Wakapimwa ndugu zake wa Ileje, akapimwa mumewe, wote bure. Ikafanana ya nani? Ya huyu mlevi, yaani mimi.

Sasa kwa mila zetu, mkwe na baba mkwe hatuchekeani. Miaka tisa tuko boma moja, akisikia nakohoa anapita nyuma ya nyumba. Mimi natania kijiji kizima hadi mchungaji, ila kwa yule naficha hata meno.

Nilipopimwa, damu yangu nayo ikawa ndogo. Daktari akasema, "Mzee, kuna sindano ya homoni. Inaamsha mifupa itengeneze chembe nyekundu kwa wingi, ndipo tukutoe damu."

Nikamuuliza, "Na vingine vilivyolala vitaamka?"

Akacheka, akanichoma tumboni. Nikachomwa wiki kadhaa, na vidonge vya madini ya chuma, choo cheusi kama lami. Nikatoa chupa mbili. Tukakubaliana na mwanangu kwamba mgonjwa asijue ni ya nani.

Halafu mdomo wangu. Niko kilabuni, kikombe cha tatu cha komoni, pombe yetu ya kienyeji, jamaa wananicheka nimekwisha. Nikaropoka, "Nimekwisha? Damu yangu inamtosha hadi mke wa mwanangu!" Wakacheka mpaka wakamwaga pombe. Kesho yake mgonjwa alishaambiwa.

Nilikuwa nje ya wodi nikamsikia akimwambia mumewe, "Damu ya baba iingie mwilini mwangu, halafu nilale na wewe? Nitakuwa mkeo au dada yako? Nirudishe kwetu nikafie huko." Mwanangu analia kama mtoto.

Nikamtuma mke wangu akamwambie kwamba nililewa tu, damu ni ya mtu wa Mbeya. Akajibu, "Mama, hata ikija ya mtu wa Mbeya kweli, sasa nitajuaje?" Hapo nikaishiwa utani.

Chupa zile mwisho wake Ijumaa, baada ya hapo zinamwagwa. Kunichoma tena daktari amekataa. Anasema presha imepanda, damu imekuwa nzito, nitapata kiharusi. Nimemwambia nichome tu, nina kazi gani tena? Hataki.

Jana nilipita dirishani kwake. Hana nguvu hata ya kukaa, lakini aliponiona akavuta shuka akafunika uso, kwa heshima.

Nyie mnaojua mila na mnaojua dawa, nisaidieni. Nitamwombaje msamaha mtu ambaye siruhusiwi kuongea naye?